Mkwe wa Benchi la Mbele

Damari alifika shuleni umande haujakauka, na matope ya njia ya Mwaya yamempanda hadi magotini. Jana yake alitoka Ikombe kwa mtumbwi, amebanwa katikati ya vyungu vya shemeji yake vilivyokuwa vikienda kuuzwa. Alilala Mwaya kwa ndugu, na alfajiri akashika njia ya Ndandalo kwa miguu. Kichwani alikuwa na chungu kimoja tu, alichokifinyanga mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, kimejaa samaki wakavu. Ungemuuliza ni wa nani angekujibu ni wa walimu. Uongo mtupu! Walikuwa wa mwanawe Tusekile, na walimu wangeonja mikia kama wangekuwa na bahati.

Ilikuwa miaka ile Mjerumani ndiye mwenye amri, na wamisionari walikuwa wamejenga pale Ndandalo shule ya wasichana, kuta za matofali mabichi na paa la nyasi. Walioanza kusoma walikuwa wengi. Wengine waliolewa, wengine waliitwa nyumbani kulea wadogo zao, na waliofika mwisho walikuwa wanane. Wiki nzima wanane hao walikuwa wamepimwa hesabu, kuandika na kushona. Lilibaki jambo moja: kila mmoja asimame mbele ya watu asome ukurasa kwa sauti, Bibi Mwalimu wa Kizungu aandike alama, kisha matokeo yatangazwe papo hapo na watu wapakuliwe wali. Atakayekuwa wa kwanza abaki shuleni hapo kuwafundisha wasichana wadogo.

Mwalimu Asegelile, kijana wa Katumba aliyemsaidia Bibi Mwalimu kazi na lugha, alimpokea Damari mlangoni kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwalimu. Niambie habari ya mwanangu kabla sijatua mzigo."

"Mpaka jana anaongoza. Akisoma leo kama anavyosoma siku zote, kazi ni yake."

Damari akatua chungu taratibu. Mumewe alifariki Tusekile akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na tangu hapo alimlea kwa udongo wa Ikombe, chungu kwa chungu. Watu walimcheka alipompeleka shule. Walisema msichana anayejua kusoma atamsomea nani, mbuzi? Naye hakuwajibu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kusikia jina la mwanawe likiitwa mbele ya watu hao hao.

Sasa ngoja nikueleze kosa lilipotokea. Bibi Mwalimu alikuwa na miezi saba tu katika nchi ile, na moyo mwema kupita kiasi. Alisikia kwamba watatu kati ya wale wanane walikuwa wamekwisha kuchumbiwa na ng'ombe wametolewa. Akawaza, mbona wakwe nao wasije kuona hazina waliyoipata? Asegelile akiwa safarini, Bibi akaandika barua tatu kwa mkono wake, akazituma. Baba wakwe wawili, watu wenye akili zao, walijibu kwamba wanaumwa matumbo. Wa tatu alikuwa Mzee Mwakyoma, baba yake Aliko, mchumba wa Tusekile. Yeye karatasi ya Mzungu ilimtia hofu. La mgambo likilia kuna jambo, na miaka ile jambo lenyewe mara nyingi lilikuwa na kiboko ndani yake. Akavaa mgolole wake, akaja. Bibi Mwalimu akamshika mkono kwa furaha, akamkalisha benchi la mbele kabisa.

Labda wewe msomaji hujui uzito wake. Kwa Wanyakyusa, mke na baba wa mumewe hawaonani. Hawakai chini ya paa moja, na wakikutana njiani mwanamke huingia majanini akajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Huko ndiko kutila, na huanza siku ng'ombe wanapopokelewa. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Damari, mtu wa kabila la Wakisi wa ufukweni, aliijua heshima hiyo kwa kuolewa na Mnyakyusa. Miaka kumi na mmoja aliishi karibu na baba mkwe wake, akampikia na kumletea maji kwa mikono ya watoto, asimwone uso. Mzee yule alipokufa Damari alilia sana, na katikati ya kilio akagundua kwamba hajui anamlilia mtu wa sura gani.

Siku hiyo Damari alikuwa ameketi nyuma, kwenye mikeka ya wanawake, na mbele yake palikuwa na migongo mingi. Hakumwona Mzee Mwakyoma. Wasichana wanne walisoma, watu wakapiga vigelegele. Kisha Asegelile akaita, "Tusekile!"

Tusekile akaingia kwa mlango wa pembeni, kitabu kifuani, gauni jeupe alilolishona mwenyewe. Akapiga hatua tatu. Akainua macho, akaona mgolole, akaona fimbo, akaona ni nani. Kitabu kikaanguka. Akajitupia upindo wa nguo usoni, akageuka, akatoka mbio mpaka migombani.

Ukumbi ukalipuka. "Hoyee! Mtoto kalelewa!" walishangilia wanawake. "Amesoma, lakini adabu hakuisahau!" Walipiga vigelegele kuliko walivyowapigia waliosoma. Na wakati wao wakishangilia, Bibi Mwalimu, uso umemwiva kwa huzuni, akachovya kalamu yake akaandika sifuri.

Asegelile alimwinamia akamweleza. Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakuwa na ukali, masikini, alikuwa karibu kulia yeye mwenyewe. Alisema watu wa Kanisa wameyaacha hayo, kwamba mkwe ni baba kama baba wengine. Tusekile arudi asome mbele ya watu wote kama wenzake. Asiporudi, hakufaulu.

Damari akainuka, akaenda migombani. Alimkuta mwanawe amechuchumaa nyuma ya shina, bado amejifunika.

"Ameondoka?" Tusekile aliuliza.

"Bado. Bibi anasema urudi usome mbele yake."

"Mama, siwezi. Ile ndiyo nyumba nitakayozalia watoto. Nikimwona leo, kesho watasema nini?"

"Na usipokwenda, kazi ya ualimu itakwenda kwa mwingine."

"Najua, mama." Akazidi kujivutia nguo usoni. "Ule ukurasa naujua kwa moyo. Nimeusoma kila siku nikifikiri utakuwapo, utanisikia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Damari alitaka kumvuta mkono, amrudishe kwa nguvu, akamwambie yule Bibi na yule mzee na ng'ombe wake wote waende wakatumbukie mto Songwe. Alitaka vilevile kumwambia akae pale pale, kwa kuwa alikuwa amefanya lililo sawa. Asiweze lolote kati ya hayo, akaketi chini kwenye majani makavu, akamkumbatia.

"Basi, mwanangu," alisema mwishowe. "Sitakulazimisha. Mimi nimekwisha kufurahi, hata wasipokuita."

Hakuwa amefurahi. Alijifuta macho kwa kaniki aliyojitanda mabegani, ileile aliyoikunja ngata asubuhi chini ya chungu, akarudi ukumbini kusema kwamba mwanawe hatasoma.

Alipoingia alikuta watu wamegeukia benchi la mbele. Mzee Mwakyoma alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, anamwuliza Asegelile kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga mtoto mdomo?"

"Ndiyo, baba. Ameandikiwa sifuri."

"Na nikitoka nje?"

Asegelile akamtafsiria Bibi. Bibi akasema mgeni aliyemwalika yeye mwenyewe hawezi kufukuzwa kwenye karamu. Ingekuwa aibu ya shule nzima. Mzee akasikiliza majibu, akaguna. Akageuka, akamwona Damari.

"Mama Tusekile," alisema, "umelala salama huko ulikotoka?"

"Salama, baba."

"Niazime kaniki yako."

Damari hakuelewa, lakini mtu mzima akikuomba nguo mbele ya watu humwulizi ya nini. Akaivua mabegani akampa. Ilikuwa na vumbi la udongo wa Ikombe na harufu ya samaki. Mzee Mwakyoma, mwenye zizi lililojaa, mtu ambaye wake za wanawe katika vijiji vitatu huingia majanini akipita, akaligeuza benchi la mbele likaelekea ukutani. Akaketi. Akaitandaza kaniki ya mfinyanzi juu ya kichwa chake, akajifunika mpaka kidevuni.

Watu waliduwaa. Mzee mmoja nyuma akafoka, "Mwakyoma! Mwanamume kujifunika kwa ajili ya mtoto? Mwacha mila ni mtumwa!"

"Nimeiacha wapi?" sauti ikatoka ndani ya kaniki. "Wazee walisema tusionane. Nani alikwambia walisema ajifunike nani? Mtoto asiingie humu, paa ni moja. Asimame nje dirishani. Na huyo Mzungu asogeze kiti chake."

Asegelile akatafsiri. Bibi Mwalimu akamtazama yule mzee aliyefunikwa, akatazama mlango aliokimbilia msichana, na nadhani ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya kwa barua yake nzuri. Akainua kiti chake mwenyewe, akakipeleka dirishani.

Damari akakiokota kitabu, akakimbia migombani kama msichana. Akamleta Tusekile, akasimama naye nje ya dirisha, bega kwa bega. Tusekile akachungulia, akaona kisogo kilichofunikwa kwa kaniki ya mama yake. Akashusha pumzi. Akafungua kitabu.

Ulikuwa ukurasa wa habari za nyuki, jinsi wanavyofanya kazi bila kugombana. Si habari kubwa. Lakini Tusekile aliisoma taratibu, kila neno limekaa mahali pake, na sauti yake ikapita dirishani ikajaa nyumba. Damari hakujua herufi hata moja. Alimtazama mwanawe midomo, na machozi yakamtiririka asiyafute, maana hakuwa na nguo ya kuyafutia.

Bibi Mwalimu akaifuta ile sifuri. Akasubiri watatu waliobaki wasome, akajumlisha, kisha akasimama na karatasi. Wote wanane walikuwa wamefaulu. Alisoma majina kuanzia la mwisho, na kila jina watu walipiga makofi. Jina la mwanzo kabisa lilipobaki aligeukia dirishani, akalitamka kwa lafudhi yake ngumu lakini lote, pamoja na la mama yake.

"Tusekile, binti wa Damari."

Wanawake walitoka nje kwa kishindo, wakamnyanyua Tusekile, wakamnyanyua na Damari asiyetaka kunyanyuliwa. Ngoma zikaanza. Sufuria za wali zikafunuliwa. Kila mtu alikuwa akiimba na kucheka uani isipokuwa mmoja, aliyebaki ndani kwenye benchi, uso ukutani, nguo kichwani.

Damari akaingia kumchukua akale. "Baba, kwisha. Mwanao amekuwa wa kwanza. Waweza kujifunua, yuko mbali."

Mzee hakujifunua. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Nina wakwe saba, wake za wanangu," alisema, "na kabla ya leo sikuwa nimesikia sauti ya hata mmoja. Mama Tusekile, tafadhali, mwambie arudi dirishani. Mwambie mimi ni mzee, sikusikia vizuri. Asome tena."