Masizi ya Jiko Letu

Ngazi ilikuwa imeshasimamishwa, ndoo ya sabuni imejaa povu, na mwosha madirisha wa hoteli alikuwa juu na brashi yake, tayari kuusugua weusi uliotanda kwenye dari ya pango. Meneja wa hoteli, aliyelisimamia pia pango hili, hakuutaka. Alidai unaharibu picha za wageni, na hakuna mtu anayelipa kiingilio kuja kutazama uchafu.

Mimi, mwongoza wageni, nilikuwa chini na kundi langu, nikiwamiminia maneno niliyokaririshwa: kwamba zamani lava ilipita hapa kama mto, juu ikaganda, chini ikaendelea kutiririka mpaka ikaacha bomba hili tupu, kwamba baadaye walihamia popo, kisha wezi wa mifugo. Nikifika kwenye wezi huwa nashusha sauti, maana wageni wanapenda kuogopeshwa. Nina mdomo mkali, kila mtu anajua, ila mdomo huo nilikuwa nimempangisha meneja.

"Wezi gani, mwanangu?"

Mama! Alikuwa amekata tiketi kama mgeni, akajipanga nyuma na fimbo yake, yeye ambaye tangu vita viishe hakuwahi kukanyaga humu. Nilijua alijificha pangoni; rika lake zima lilijificha. Nikidadisi zaidi alikuwa akinikatiza: "Hebu niache nipumzike." Jana jioni nilipomtajia habari ya kuosha dari, aliendelea kuchambua maharage, nikadhani hajasikia.

"Hayo ni masizi," akawaambia wageni. "Ya jiko letu. Tulipika alfajiri tu, kwenye baridi, pango linapotoa mvuke mdomoni kama mtu anayehema. Moshi ukitoka pamoja na mvuke, askari waliokuwa wakitutafuta kule bondeni wanaona ukungu. Jua likichomoza, tunazima. Mahindi tuliloweka, hatukutwanga. Mchi unasikika mbali."

"Na watoto je?" mgeni mmoja akauliza.

"Mmoja ni huyu hapa." Akaninyooshea fimbo. "Siku hizi anajiita mwizi."

Wageni wakacheka. Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni, na nyuma yake ikapanda hasira, wala haikuwa ya kumkasirikia mama.

Meneja akaja mbio. "Shikamoo, mama. Tunaomba usogee, maji yatakumwagikia."

"Marahaba, baba. Yamwagike."

"Jamani, si usafi tu huu!" Akamwashiria mwosha madirisha aendelee. Brashi ikagusa dari, na mchirizi mweusi ukateremka ukutani.

"Shuka," nikamwambia yule wa juu.

Akamtazama meneja, akanitazama mimi, akashuka upesi, nadhani alikuwa akingoja mtu wa kumwambia. Nikapanda mimi. Nikakaa kwenye kidato cha juu kabisa, kichwa karibu kigonge jiwe.

"Unafanya nini huko?" meneja akafoka.

"Nimekaa kwetu."

"Ukishuka hapo, huna kazi!"

"Basi sishuki."

Nisidanganye, niliogopa. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, mimi na mama, na sikuwa na nyingine mfukoni. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na kwa mara ya kwanza pangoni humo nilikuwa nimesema langu.

"Kushoto kwako," mama akaniita kutoka chini, "palipo peusi zaidi. Hapo ndipo ulipopikiwa uji wako wa kwanza."

Nikanyoosha mkono, nikabandika kiganja. Masizi yalikuwa laini, yenye mafuta kidogo. Wageni wote wakainua nyuso, hata mwosha madirisha.

"Ziara imekwisha!" meneja akapiga kelele, akaiendea swichi, akazima taa zote.

Giza likatufunika. Nikasikia pumzi za watu, na tone la maji mahali fulani ndani kabisa.

"Haya," mama akasema, sauti imetulia, "hivi ndivyo tulivyokaa." Akaendelea kusimulia, na hakuna mgeni aliyeuliza mlango uko wapi.