Kibakuli Kilichojaa Pomoni

Kalipa alianguka zizini mwezi wa Januari, akaangukia ndoo ya maziwa, na alipozinduka akawalaumu watu wote kwa kuiacha njiani. Ndoo ilikuwa mahali pake pa siku zote. Mwanawe Taalai alimpeleka zahanati ya At-Bashy, mji mdogo wa karibu, daktari akampima damu na kusema ni nane na nusu, kidogo mno kwa mtu anayetembea kwa miguu yake. Akampa vidonge vya madini ya chuma, na onyo juu yake.

"Mwisho wa Mei kama haijafika kumi na moja, mama, mwaka huu hupandi na mifugo malishoni mlimani. Kule juu hewa ni nyepesi. Ukianguka huko, mpaka gari likufikie tutakuwa tunatafuta sanda."

Kalipa alikuwa na miaka sitini na tisa, na hakuna kiangazi hata kimoja alichowahi kukipitisha bondeni. Mara ya kwanza alipanda akiwa mgongoni kwa mamake. Kumwambia abaki kijijini mwezi wa Juni, pamoja na kuku na wagonjwa, ni kumwambia afe polepole, na yeye mwenyewe alimwambia hivyo kila aliyemjulia hali.

Aliyesumbuliwa na jambo hili kuliko wote ni Begaiym, mke wa Taalai. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya lishe kwa njia ya mtandao, chuo kikiwa nchi nyingine kabisa, na darasa lake likiwa kompyuta iliyokaa kwenye dirisha la chumba cha nyuma, maana ni hapo tu mtandao ulipokubali kushika. Mara tatu alikuwa amekatiza kipindi katikati kwa sababu wageni wameketi na birika halina mtu. Kwao mkaza mwana ndiye mmiminaji wa chai, na watu wakishakaa haondoki mpaka waondoke wao.

"Shahada ya kula," Kalipa alikuwa akiwaambia majirani. "Mimi nimekula miaka sitini na tisa. Profesa ni mimi."

Lakini Machi alipopimwa tena, damu ilikuwa imepita nane na nusu kwa kidogo tu. Vidonge vimeisha kopo zima. Begaiym hakutulia. Chuma kinaingia mdomoni, kwenye damu hakifiki. Sasa kinaishia wapi? Kuuliza si ujinga, na Begaiym aliuliza mpaka Taalai akaanza kula chakula chake zizini.

Bahati ikamwangukia: chuo kikampa kazi ya kuandika kila anachokula mtu mmoja kwa siku tatu, kila tonge likipimwa. Akamchagua mama mkwe wake na kuleta mizani ya jikoni mezani.

"Apa," alisema, kama wanavyomwita mama kwao, "weka mkate hapa kwanza."

"Mwanangu, huu ni mkate au dhahabu?"

Akaandika mkate, viazi, malai, nyama kidogo kwa sababu ya meno. Akajumlisha. Chuma hakikuwa kingi, ila pamoja na vidonge kilipaswa kuipandisha damu, na yeye hakuona tundu kinapovujia. Akaituma kazi hivyohivyo, moyo ukiwa haujatosheka.

Mwalimu wake, Dakta Renuka, alikuwa akifundisha kutoka Colombo, kwenye nchi ya mashamba ya chai, na kwa chai huwezi kumdanganya mtu wa huko. Walipoonana kwenye kompyuta akasema, "Kazi safi. Nina swali dogo. Umeandika chai, kibakuli kimoja kwa siku. Kimoja tu? Mimi nikinywa kimoja kichwa kinaniuma."

"Ni kimoja kweli, Dakta. Apa ana kibakuli chake cha bluu, hakuna mwingine anayekigusa."

"Sawa, ni kimoja. Unakimiminia mara ngapi?"

Begaiym alianza kuhesabu kichwani. Kwao kibakuli hakijazwi. Humiminwa nusu, pengine theluthi, ili chai iwe ya moto na mtu apate sababu ya kukirudisha, na kila kinaporudi unakimiminia tena, hiyo ndiyo heshima. Ukimjazia mtu pomoni umemwambia anywe aende zake. Sasa ni mara ngapi? Hakujua. Hakuna mtu anayehesabu adabu.

Kesho yake alitia maharage kwenye mfuko mmoja wa aproni, na kila alipommiminia Apa alihamisha punje moja kwenda mfuko wa pili. Jioni alizimwaga mezani akazihesabu: arobaini na moja. Na siku hiyo ndipo alipoona kile alichokuwa akikitazama tangu Januari. Kidonge cha asubuhi kilishuka na chai, cha jioni kikashuka na chai. Daktari alikuwa amesema kimezwe na maji, lakini kwa Kalipa chai ni maji yaliyolelewa vizuri.

Vitabu vya chuo vilisema waziwazi: chai ikinywewa pamoja na chakula au kidonge hukishika chuma tumboni, na kingi chake hakipiti kwenda kwenye damu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono uliokuwa ukimnyima Apa damu ni wa Begaiym mwenyewe, tena kwa adabu zake zote. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, na papo hapo alifurahi kama mtu aliyeuona ufunguo wake uliopotea.

Kumwambia mwenyewe ndiyo ilikuwa kazi.

"Chai?" Kalipa alisema. "Mama yangu alikunywa chai mpaka siku ya kufa."

"Alikufa na miaka mingapi, Apa?"

"Usiniletee maswali ya chuo."

Begaiym akajaribu kutommiminia. Siku hiyo jirani yao Zuura alikuwepo. Kalipa alinyoosha kibakuli, kikabaki hewani, na Zuura akakitazama kwa hamu ya mtu aliyepata habari ya kupeleka kijijini.

"Mkaza mwana wako mkono umemchoka," akasema, "au ndiyo kusoma huko?"

Kalipa aliinamisha uso. Begaiym hakuweza kuuvumilia uso ule, akamimina. Wiki nzima ikapotea, na Aprili ikaingia.

Asubuhi moja wakiwa watatu tu, Kalipa akasukuma kibakuli chake kama kawaida. Begaiym akamimina nusu, hakuacha, akaendelea mpaka chai ikasimama ukingoni ikitetemeka. Akakisogeza kwa mikono miwili.

Taalai aliacha kutafuna.

"Begaiym," Kalipa alisema taratibu. "Unanifukuza nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, Apa." Sauti ilimtetemeka kuliko chai. "Nakufukuza uende malishoni. Ukikinywa hiki pamoja na mkate, Juni utakuwa hapa unamsikiliza Zuura. Kiache. Saa moja ikipita nitakumiminia nusu nusu kwa heshima, mpaka birika likauke."

Kalipa hakukigusa. Hata angekuwa amekauka koo, hakuwa mtu wa kunywa chai ya kufukuzwa. Alimeza kidonge chake kwa maji huku akimtazama Begaiym kama unavyomtazama mwizi uliyemlea, na kibakuli kikapoa mpaka kikafanya utando. Mchana kikaja kingine kimejaa, jioni kingine. Baada ya siku kumi mama mkwe alishavizoea vita hivyo, akawa anatazama saa ya ukutani na kuuliza, "Imetimia, au saa ya chuo ni ndefu kuliko ya watu?"

Mwisho wa Mei daktari alipima, akapima tena. Kumi na moja nukta mbili. Njia nzima ya kurudi Kalipa hakusema asante; alimgombeza dereva kwa kupita kwenye mashimo.

Siku ya kupanda, lori lilisimama uani na mazulia ya sufu juu yake, na ndugu pamoja na majirani wakakaa kunywa chai ya mwisho. Begaiym alikuwa kwenye birika. Saa nne kamili alitakiwa mbele ya Dakta Renuka kuitetea kazi yake ya muhula, na hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna wa kumwachia birika. Saa nne kasorobo alikuwa bado anamimina, na hakuitazama tena saa.

Kalipa alijikokota kutoka mahali pa wakubwa, akaja akaketi kando yake, akamnyang'anya birika. Tangu amwoze mwanawe hakuwahi kukaa pale. Akachukua kibakuli chake cha bluu, akakijaza pomoni, akamsogezea.

Zuura akashika shavu. "Kalipa, mkaza mwana wako amekukosea nini?"

"Nyamaza unywe chai yako," Kalipa alisema. Kisha akamgeukia Begaiym, macho akiwa ameyaelekeza kwenye birika. "Unanitazama nini? Nimeona ulivyokuwa ukiitazama saa. Mwalimu anakungoja dirishani. Nenda. Na umwambie ni mara arobaini na moja, nilikuwa nakuona na maharage yako."

Begaiym alikichukua kibakuli kwa mikono miwili, akatembea nacho hadi chumba cha nyuma, na hakumwaga hata tone.