Kitasa cha Mlango wa Abiria

Nilipoteza ufunguo wa pekee wa gari langu la zamani, nikamwita fundi achonge mwingine. Akakitoa kitasa cha mlango wa abiria ili apime meno ya ufunguo.

"Huwa tunaanza na hiki, mzee. Hakitumiki sana, kwa hiyo hakijalika." Akakigeuza mkononi, akakunja uso. "Mbona chako kimelika kuliko cha dereva?"

Nikamwambia maneno hayachongi ufunguo.

Miaka thelathini nilikuwa namfungulia marehemu mke wangu kwanza, ndipo nazunguka upande wangu, naye ananifungulia kwa ndani.

Fundi alipoondoka, nikaujaribu ufunguo mpya. Mlango wa abiria ukafunguka bila shida, nami nikasimama nimeushika, kama mjinga, nikimsubiri aingie.