Kimeng'enya Kilichowasha Watu

Mwanamke aliyetunza chupa za arkea alikuwa na mimba ya miezi saba, na kila asubuhi ilimbidi ajipenyeze kiubavu kati ya tanuri na meza ili azifikie. Arkea ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, si bakteria ingawa wanafanana nao, na hawa wake walitoka kwenye chemchemi ya maji yanayochemka. Ukiwapa uvuguvugu wananuna. Kwa hiyo chumba kizima kilikuwa jiko, na wenzake walimwita Mama Moto.

Daktari alimwambia aondoke kwenye joto, mtoto asije akazaliwa kabla ya wakati. Alikwishamwomba Mkurugenzi chumba kingine mara kadhaa. Mkurugenzi, aliyekaa ghorofa ya juu chini ya kiyoyozi, alijibu kila mara kwa upole, "Nitalifikiria." Mama Moto aliogopa, akaendelea na kazi huku anaogopa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunguza kinasi, kimeng'enya kinachochukua kipande cha fosfeti na kukibandika kwenye protini. Protini iliyolala ikibandikwa, huamka ikaanza kazi. Hapo watu wa maabara husema: kimewasha. Neno hilo ndilo lililoleta mambo. Siku moja chupa ilifurika, na kimeng'enya, ambacho kwa miaka kilikuwa kikilisikia neno hilo na kulielewa kwa maana zake zote mbili, kikaanza kubandika watu.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake Mama Moto, mdogo wa mumewe, fundi umeme wa jengo. Alikuja kutengeneza tanuri, akatokwa na jasho, akaanza kujikuna shingo.

"Shemeji, kuna kitu kinaniwasha."

"Ni kinasi hicho. Usijikune sana, fosfeti itabanduka."

Shemeji akaenda moja kwa moja kutengeneza taa ya ngazi, aliyoiahidi tangu harusi ya kaka yake. Haukupita muda, ghorofa yote ya chini ilikuwa inajikuna na kumaliza viporo vya kazi. Watu walinunua poda, basi. Mkurugenzi peke yake hakuwashwa. Kimeng'enya cha maji ya moto hakifanyi kazi kwenye baridi, na ofisini kwake watu waliingia na sweta.

"Shemeji," alisema Mama Moto, "kwani kile kiyoyozi cha bosi hakiugui?"

"Kinaugua. Hata sasa nakiona hakijisikii vizuri."

Alichomoa fyuzi. Mama Moto akapanda ngazi, mikono ikiwa bado na majimaji ya chupa, akamsalimia Mkurugenzi kwa kumshika mkono.

Jasho lilimtoka Mkurugenzi. Alijikuna kiganja, kiwiko, nyuma ya masikio, kisha akanyanyuka kitini kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. Mama Moto alisimama mlangoni, mkono tumboni, amejaa furaha.

"Hili jambo nimelichelewesha mno," alisema Mkurugenzi, akashika simu.

Aliagiza kiyoyozi kipya, kikubwa zaidi, na kingine cha akiba, vyote vifungwe kabla ya chakula cha mchana. Shemeji, ambaye naye alikuwa bado anawashwa, alivifunga bila kupumzika. Baridi ikarudi. Fosfeti ikambanduka Mkurugenzi, akaketi.

"Na wewe mama, ulikuwa unasemaje?"

"Chumba kingine, bosi."

"Nitalifikiria."

Kimeng'enya huwasha tu. Hakichagui mtu ataamka na lipi. Mama Moto alilijua hilo kwa arkea, ila kwa wakubwa alikuwa bado na imani. Alishuka ngazi kwa hasira, akalia kidogo kwenye korido, kisha akaingia chumbani kwa sababu arkea walikuwa wanapoa.

Alipoinama kufungua tanuri, alihisi kitu tumboni. Halikuwa teke. Mtoto alikuwa anajikuna, tena kwa bidii.

"Tulia, mwanangu," alimwambia. "Wewe hujaajiriwa."