Kabati la Vitabu vya Wote

Harufu ilimpokea dada wa usafi mlangoni kwa Shangazi kabla ya salamu. Shangazi alikuwa ameketi mkekani, mguu kaunyoosha juu ya mto, anapaka kidonda oili chafu ya gari kwa kitambaa. Oili ilichanganyika na usaha ikawa inang'aa. Dada akageuza uso pembeni.

"Shangazi, huo mguu utaoza."

"Daktari mwenyewe kasema." Akabonyeza simu. Sauti nene ya mwanamume ikaagiza: paka oili iliyotumika, funga nailoni, hospitali usiende, watakukata mguu. "Umesikia? Kikundi kizima tumetumiwa. Au daktari ni wewe, umesomea kwenye ndoo ya deki?"

Dada akaondoka kwenda kazini. Jibu alijua linakaa wapi.

Shirika alilolifanyia usafi lilijitangaza kuwa linafungulia kila mtu maarifa na kufundisha watu kuchuja habari. Ukutani palikuwa na bango kubwa: NANI AMESEMA? AMEJUAJE? Chini ya bango, kabati la vioo lenye kufuli. Ndani, vitabu vilivyovalishwa nailoni kama maiti. Kimoja kilihusu matibabu ya nyumbani, chenye picha ya bandeji jaladani.

Alimwomba Mratibu wa shirika amwazime kitabu hicho.

"Dada, hivyo ni vitabu vya mradi," alisema Mratibu, akijipulizia manukato shingoni. "Vikishikwashikwa vitachafuka. Wageni wafadhili wataona nini?"

"Si vya kusomwa, bosi?"

"Vitasomwa siku ya wageni."

Siku ya wageni ikafika. Mratibu alimtuma dada akakusanye majirani wa kukaa kwenye viti kama wasomaji, kwa ahadi ya soda. Dada akamleta Shangazi akichechemea, mguu umeviringwa nailoni, na inzi wakimsindikiza. Mratibu akabana pua.

"Huyo akae nyuma. Gawa vitabu, upesi!"

Dada akagawa. Cha bandeji alikifungua kwenye ukurasa wa vidonda, akamwekea Shangazi mapajani.

Wageni wakaingia, wakatabasamu, wakapiga picha. Mratibu akatamka "jamii inayosoma" mpaka mate yakamkauka. Walipotoka kwenda kwenye magari, sura yake ikabadilika papo hapo.

"Rudisheni! Haya, haya!"

Akapita kiti kwa kiti akipokonya vitabu, na kila kimoja akakisugua jalada kwa pamba yenye spiriti, palepale mbele ya waliokuwa wamekishika. Mzee mmoja akatazama viganja vyake, akavificha mfukoni. Dada akageuza uso tena. Na safari hii haikuwa kwa sababu ya mguu.

Mratibu akafika nyuma. "Mama, kitabu."

"Ngoja, sijamaliza."

"Picha zimekwisha, mama."

"Nimekwambia nasoma!" Kidole cha Shangazi kilitambaa polepole chini ya mistari, midomo ikicheza. Akasoma kwa sauti, akikwama na kuendelea: "Usipake... kitu kichafu... Ukiona usaha... au harufu mbaya... nenda kituo cha afya bila kuchelewa."

Shangazi akainua macho, yakatua kwenye bango. Akatoa simu, akaitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye uji.

"Mwanangu, huyu wa kwenye simu anaitwa daktari nani?"

"Hakusema, Shangazi."

"Ana kituo wapi?"

"Hakusema."

"Na mimi sauti hiyo nimemtumia dada yangu! Naye ana kidonda!" Alitema mate kwenye kitambaa chake. Kisha akampigia simu dada yake palepale: "Osha hiyo takataka! Ndiyo, oili! Nenda hospitali, nitakueleza baadaye."

Mratibu alikuwa amenyoosha mkono, pamba tayari. Shangazi akampa kitabu.

"Chukua mwanangu, kifute. Mimi ndiye ninayenuka hapa, au siyo?"

Mzee wa viganja akacheka peke yake, kwa uchungu.

Dada akamshika Shangazi kwapani, akamwinua.

"Unakwenda wapi?" Mratibu alifoka. "Nani atapiga deki hapo alipokaa?"

"Nampeleka zahanati," alisema dada. "Spiriti unayo, bosi. Piga mwenyewe."