Soda Niliyomtuma Nyanjige

"Baba mdogo, hapo ndipo ulipokuwa unanituma soda."

Nyanjige aliyasema hayo kwenye simu bila hasira, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa. Yeye alikuwa Bariadi, nyuma ya chumba cha maiti, amechuchumaa mbele ya mashine ya jokofu. Mimi nilikuwa Mwanhuzi, ng'ambo ya mto uliofurika, nimesimama juu ya kreti nikitafuta mtandao. Na ndani ya jokofu lile alilala mama yangu, bibi yake.

Kisa hiki nimekwisha kuwasimulia watu wengi, na kila mara lawama zote nimeutwisha mto. Leo niuache mto.

Mama alifariki Jumatatu. Kaka yangu Bujiku, baba yake Nyanjige, alitaka tuzike kesho yake, lakini dada yetu Gloria akapiga simu kutoka Mtwara. Alikuwa na miaka sita hajakanyaga nyumbani. Aliondoka kwa ugomvi, yeye na mama hawakuagana.

"Msinifukie mayu, mama yangu," alilia. "Nimwone uso tu. Nimwombe radhi, hata kama hanisikii."

Nikamwambia aje bila wasiwasi, jokofu la maiti nalihudumia mwenyewe, nalijua kama mfuko wa shati langu. Mazishi tukayapanga Jumamosi.

Jumatano wakaniita Mwanhuzi: jokofu la chanjo limezima. Unaweza kuniuliza, mtu mwenye msiba anakwendaje kazini? Aende nani? Anzia Meatu, uje Itilima, uingie Bariadi, ushuke mpaka Maswa, fundi majokofu aliyeitwa kila mahali alikuwa Masalu, yaani mimi. Pale Lagangabilili ofisi mpya zina viyoyozi vizuri ukutani, na vikishakufa ndege wanajengea viota humo. Kila mkubwa niliyekutana naye alilalamika kwamba mafundi hawapatikani. Nami nilitikisa kichwa kwa masikitiko, nikajibu kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Moyoni nilifurahi. Kutafutwa kuna utamu wake, sikatai.

Nao ulikuwa uongo mtupu, maana nilikuwa na Nyanjige. Alikuwa binti mwenye mikono mitulivu, amesoma umeme chuoni, na kwa miaka mitatu hakukosa kazini hata siku moja. Nilimfundisha kutafuta kwa povu la sabuni mahali bomba linapovuja. Nilimfundisha kuchomelea shaba mpaka akanishinda. Lakini ikifika hatua ya mwisho, ile ya kujaza gesi, nilijipapasa shingo na kusema, "Nyanjige, kaninunulie soda." Duka likiwa karibu, nilitaja soda ambayo nilijua hawana, ili atembee. Akirudi alikuta mashine inapoza na mimi nakusanya vyombo.

Ndivyo nilivyofanyiwa nami Mwanza na fundi Gharib, aliyekuwa akinituma sigara. Hatua ile niliiiba kwa kuchungulia dirishani, nikaamini kwamba ufundi hurithiwa hivyo. Tena niliogopa. Nilijiambia, binti huyu akijua yote atafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, na simu zitaanza kulia kwake.

Jumatano hiyohiyo mchana mvua ikanyesha, mto ukaikata barabara nyuma yangu. Alhamisi asubuhi Bujiku akapiga: jokofu la maiti halipozi, na mhudumu anasema harufu imeanza.

Nikampigia Nyanjige. Kumbe alikwishafika. Alikuwa amelipata bomba lenye ufa, ameliziba, amevuta hewa yote kwa pampu. Kazi safi kabisa. Ilibaki gesi.

"Fungua koki kidogo," nikamwambia. "Sikiliza kompresa. Inaliaje?"

"Inalia kama siku zote."

"Siku zote inaliaje gesi ikianza kutosha?"

Ndipo akaniambia habari ya soda.

Nilijaribu, Mungu anajua. Nilichomficha miaka yote hakikuwa na maneno. Kilikaa sikioni mwangu na kwenye kiganja ninachokiweka juu ya bomba, nikajua kwa ubaridi wake saa ya kufunga. Nikamwambia ashike bomba. Akasema limepoa. Limepoa kiasi gani? Mimi sikukijua kiganja chake, yeye hakukijua changu. Nikasema ongeza. Mtandao ukakatika.

Nilipompata tena alikuwa analia. Gesi ilizidi. Kompresa ilikuwa imegonga mara tatu kama mgeni anayebisha hodi, kisha ikazima, na nyingine ilikuwa haipatikani ila Mwanza.

Bujiku hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Masalu, tunamzika leo saa tisa," alisema.

"Na Gloria?"

"Basi lake halijafika hata Singida."

Ijumaa maji yalipopungua nilivuka kwa miguu, begi la vyombo kichwani. Nyumbani nilimkuta Gloria peke yake mbele ya rundo la udongo mbichi, bado amevaa viatu vya safari. Nilisimama kando yake. Watoto wawili wa marehemu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemzika.

"Ulisema unalijua kama mfuko wa shati lako," akaniambia.

Jumapili akarudi Mtwara. Siku hizi nikimpigia anapokea, ananisalimia kwa heshima zote, halafu anasema ana kazi.

Kompresa mpya ilikuja wiki iliyofuata. Nilimwita Nyanjige nikidhani hatakuja, akaja. Nikamkalisha mahali pangu. Nikakichukua kiganja chake, nikakiweka juu ya bomba, na changu nikakiweka juu ya chake. Akafungua koki. Gesi ikaanza kuingia polepole.

"Bado," nikamwambia. "Bado. Sikiliza mlio unavyotulia. Umesikia? Sasa funga."

Akafunga. Mashine ikaendelea kuunguruma taratibu, bila shida yoyote. Hata nusu saa haikuwa imepita.

Nyanjige hakuinuka. Alibaki ameshika lile bomba, macho yakiwa kwenye mlango wa jokofu.

"Kumbe ni hivyo tu, baba mdogo?"

"Ni hivyo tu," nikamjibu, nikaanza kukusanya vyombo.