Mkono Amekuja

Asubuhi Orlena Gabbard alipokwenda kuomba kazi ya ualimu, alimkuta Talmadge Spurlock mezani, anakula mkate wa moto na mchuzi mzito wa nyama ya nguruwe, na mkewe Sudie anamwongezea kahawa. Walimkaribisha, naye akakaa. Otterlick ni bonde jembamba katika milima ya Kentucky, na huko hata mtu akija kukutoa roho, kwanza unamlisha.

Orlena alikuwa mjane. Mumewe alishuka mtoni na magogo masika ya nyuma, yakarudi maji matupu. Alikuwa na cheti cha ualimu cha daraja la kwanza, amekikunja ndani ya leso, na asipopata kazi kabla ya shule kufunguliwa, ingembidi ahamie kambi ya makaa ya mawe akafue nguo za wachimbaji, yeye na bintiye Icy. Talmadge alikuwa mdhamini wa shule, na mdhamini alikuwa na kazi moja tu duniani, kuchagua mwalimu. Mshahara wa mwalimu ndio uliokuwa pesa pekee bondeni isiyonuka gongo. Kwa ajili ya udhamini huo wanaume wa Otterlick walikuwa wamechomana visu tangu enzi za babu zao, na makaburi yao yako pale juu, yamekatiwa nyasi vizuri.

Miaka minne mfululizo mwalimu alikuwa Verna, binti wa Talmadge. Katika miaka hiyo watoto walijifunza kukaa kimya. Kusoma bado. Icy alikuwa na miaka tisa, na kanisani alishika kitabu cha nyimbo juu chini, wala hakuwa peke yake.

Talmadge alisikiliza ombi lote, kisha akafuta masharubu.

"Umeisikia sheria mpya ya wakubwa wa serikali ya jimbo kule Frankfort?" aliuliza.

"Nimeisikia, Mzee Tal. Ndiyo iliyonileta."

"Inasemaje vile?"

"Mkono wa mdhamini usitie sahihi kumwajiri mwanawe, mkwewe wala nduguye."

"Ahsante, mwanangu. Maana nilikuwa nimesahau maneno yenyewe."

Akainuka, akatoka uani, akashika shoka kwa mkono wa kushoto, akaulaza wa kulia juu ya gogo la kuchinjia kuku, akaukata kwenye kifundo. Pigo la kwanza halikumaliza. La pili lilimaliza. Sudie alikwisha kwenda kuchukua masizi na mafuta ya taa ya kuzuia damu, kwa kuwa alikuwa ameishi na mume huyo miaka mingi. Damu ilimrukia Orlena kwenye aproni, naye akarudi nyuma hatua moja.

Mkono ulilala kidogo kati ya manyoya, kama mtu aliyejikwaa akasikilizia kama kuna waliomwona. Halafu ukasimama juu ya vidole vyake, ukajifuta kwenye majani, ukapanda ngazi, ukapita chini ya meza na kutokea upande wa pili, ukachukua kalamu, ukautia sahihi mkataba wa Verna.

"Mdhamini ni mimi," alisema Talmadge, kijasho kinamtoka, akiinua kigutu. "Na mkono wangu ndio huu. Je, umetia sahihi mahali?"

"Haujatia," alisema Orlena, maana huo ndio ulikuwa ukweli.

"Basi na wewe ni shahidi."

Sudie alimfungia mkate kidogo, akampelekee mtoto.

Orlena alimsimulia kaka yake, Boyd Napier. Boyd alikuwa mpasua mbao, hana mke, hana mtoto, na hasira zake zilikuwa karibu. Habari za mkono hazikumpa shida. Kilichomchoma ni ule ufidhuli. Akapanda nyumbu kwenda mjini kuishtakia bodi ya shule ya kaunti, na bodi ikamsikiliza kwa adabu. Mwenyekiti wake, ambaye mdogo wake ndiye aliyeziuzia shule zote makaa, aliamua kwamba Talmadge hakuvunja sheria. Ila mkono nao haukuwa mdhamini, hivyo sahihi yake haina nguvu. Kama mkono unataka kuajiri, ugombee kama kila mtu. Akaongeza kwamba mkono usio na baba, mama wala mtoto hauna wa kumpendelea, na bodi ilikuwa imemtafuta mgombea wa namna hiyo siku nyingi. Talmadge akajiuzulu siku ile ile. Mkono ukaandikishwa, na Boyd akaandikishwa.

Jioni, Boyd ananoa kisu kizingitini, Orlena akamuuliza jambo ambalo wote wawili walikuwa wanalizunguka.

"Ukishinda utaniajirije? Sheria si hiyo hiyo? Mimi ni dada yako."

"Yeye kakata mkono," alisema Boyd. "Mimi nitakata undugu."

Orlena angeweza kusema hapana. Hakusema. Alifikiria mabeseni ya kufulia na mikono ya Icy ndani yake, akajiambia kwamba kilichokatwa kwa maneno hushonwa kwa maneno. Alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio hodari wa kujiambia hivyo.

Jumapili, baada ya wimbo wa pili, Boyd alisimama kanisani akatangaza kwamba Orlena si dada yake, si kwa damu wala kwa ziwa, tangu siku hiyo na milele. Mjomba wao Farris, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akainuka, akamuuliza kama anajua alichomfanyia marehemu mama yake kwa maneno hayo. Kabla hajajibiwa akampiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yakaruka hadi chini ya mimbari. Boyd akamvunja mbavu kwa teke. Farris, akiwa amelala sakafuni, akatangaza kwamba yeye naye hana wapwa, akawakana wote wawili. Mchungaji akaombea amani na wakaimba wimbo wa tatu.

Mkono ulifanya kampeni nyumba kwa nyumba. Haukutukana mtu, haukuahidi kitu. Ulisalimiana na wanaume, ukapapasa vichwa vya watoto, ukamkamulia ng'ombe bibi mmoja mwenye baridi yabisi. Nyumba iliyoukataa ulirudi kivyake. Mbwa wa Boyd alikutwa amenyongwa, na shingoni alama za vidole, gumba upande wa kushoto. Arvel Combs aliamka hawezi kumeza, koo limevimba rangi ya zambarau, na kuanzia asubuhi hiyo akawa mpigadebe wa Mkono. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Hawakusema ufanyeje na uliokwisha kukatwa. Watu wa Otterlick waliubusu tu, na wanawake wakaupaka siagi mahali ulipopasuka.

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Amri ilikuwa kila mwanamume aache kisu chake kwenye uzio, hivyo kila mmoja alikuja na viwili. Wapiga kura walijipanga mistari miwili, wa Mkono upande wa dohani, wa Boyd upande wa kisima. Mhesabu kura alikuwa Hobart, mume wa Verna. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa lazima awepo wa kuhesabu, na Hobart alikuwa na kofia nzuri. Talmadge alikaa juu ya jiwe ng'ambo ya kijito, anatafuna tumbaku, mahali ambapo kila jicho lingemwona.

Mstari wa Boyd ulipita kisima, ukapita choo, ukatokea barabarani. Hata kipofu angejua nani ameshinda. Orlena alikuwa amesimama na wanawake kwenye uzio, ameanza kucheka kwa furaha. Hapo Mkono ukatoka katika mfuko wa koti la Hobart na bastola, ukakaa juu ya kisiki, ukalenga, ukampiga Boyd risasi ya shingo. Msukumo wa bastola uliurusha nyuma, ukatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Boyd alijishika koo, akageuka kumtafuta mtu fulani kwenye uzio, akaanguka. Baada ya hapo vile visu vya pili vikatoka. Mtu mmoja akapoteza sikio, mwingine utumbo ukamtoka na akaushika mwenyewe kwa kofia mpaka alipokaa chini. Madirisha ya shule yalivunjika yote.

Moshi ulipopungua, Hobart aliomba radhi kwa usumbufu, akaomba shughuli imalizwe kabla ya mvua. Mstari wa kisimani ukahamia kwenye dohani, mtu mmoja mmoja, wakimruka Boyd. Wengine walivua kofia wakati wa kuruka. Mkono ukapata kura zote. Ya Boyd nayo ilihesabiwa humo, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeangukia upande wa dohani.

Tangu jioni ile watu waliacha kusema Mkono umekuja. Walisema Mkono amekuja, kama asemwavyo mtu mwenye cheo, na anayesimulia mambo ya Otterlick naye inambidi aseme hivyo hivyo. Boyd walimlaza juu ya mlango wa shule, uliokuwa umeng'oka, na wakati wa kumbeba walisema, uinueni upande wa miguu, maana alikwisha kuwa mwili.

Orlena alimwosha. Alilia kwa sauti, akampangusa damu iliyoganda masikioni kama alivyompangusa matope alipokuwa mdogo. Wanawake waliokuwa wanamsaidia walimmiminia maji. Hawakujua wampe pole ya kufiwa na nani.

Siku iliyofuata mazishi, mchana, Talmadge alibisha hodi. Mkono alikuwa amekaa begani kwake. Orlena aliwakaribisha, akawawekea mkate wa mahindi na maziwa.

"Mwanangu," alisema Talmadge, "Mkono anahitaji mwalimu wa pili. Verna mgongo unamsumbua."

"Verna ana miaka ishirini na sita."

"Ndipo migongo inapoanzia. Wewe utafundisha, yeye atabaki mwalimu mkuu. Mshahara mtagawana, yeye fungu kubwa, maana ndiye mzoefu."

Mkataba ulikuwa tayari mezani, na Mkono alikuwa ameshatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Orlena aliusoma wote, kisha akaurudia.

"Kesho kutwa hakimu atauliza swali moja tu," Talmadge aliendelea. "Kesi ya mauaji inafunguliwa na ndugu wa damu. Marehemu asiye na ndugu, kesi yake haina mwenyewe."

"Na nikisema mimi ni dada yake?"

"Utakuwa umesema kweli," alisema Talmadge, akavunja mkate. "Na Icy atajifunza kufua."

Mahakamani watu walijaa hadi ngazini. Mkono alikuwa ameshalala juu ya Biblia, akiwa mshtakiwa, na kwa kuwa hana mdomo hakuweza kusema uongo, jambo ambalo hakimu alilisifu. Orlena alipoitwa, Mkono alisogea kumpa nafasi. Vidole vyao viligusana. Vyake vilikuwa na joto, na chini ya kucha ya gumba kulikuwa na weusi wa baruti ambao sabuni haikuutoa.

"Wewe ni nani wa marehemu?" aliuliza hakimu.

Orlena alimtazama Farris, na Farris akatazama viatu vyake. Akamtazama Icy, aliyekuwa kiti cha nyuma, anachezea utepe wa nywele. Neno lilikuwa dogo, la herufi chache, na alilijua tangu alipoanza kusema. Kwa miaka mingi lilikuwa neno ambalo Boyd alimwitia akitaka maji.

"Jirani," alisema.

Hakimu aliuliza kama yupo mwingine. Hakuwepo. Akagonga meza, akaenda kula. Mkono akampapasa Orlena kwenye vifundo vya vidole, taratibu, naye hakuuondoa wa kwake mpaka karani alipoitaka Biblia.

Shule ilifunguliwa Jumatatu, mlango umerudishwa na kusuguliwa kwa majivu. Orlena aliandika herufi ubaoni, watoto wakaziandika. Verna alikaa karibu na dirisha, anakula tofaa. Mkono alipita kati ya madawati, akavishika vidole vidogo vilivyoshindwa kushika chaki, akaviongoza, na lazima isemwe kwamba alikuwa na subira kuliko walimu wengi wenye miili kamili. Orlena alifundisha kwa bidii. Alifundisha kama mtu anayelipa. Kwenye mwaka mpya bodi ya kaunti ilituma pongezi, na mdogo wake mwenyekiti, yule wa makaa, akapanda cheo.

Masika yalipofika, watoto wengi wa Otterlick walikuwa wanasoma. Jumapili moja Orlena alimpeleka bintiye makaburini. Mkono alikuja nao, akaanza kung'oa magugu kwenye kaburi la kwanza alilofikia. Icy alisimama mbele ya kibao cha mbao, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, bila kukosea.

"Boyd Napier. Mjomba."

"Soma kilichoandikwa tu," alisema Orlena.

Icy alirudia, akaliacha lile neno la mwisho.